Panya wa Maji ya Chumvi

Dada yangu alitegemea panya kumaliza chuo. Sio utani. Alitaka kuonyesha kwamba panya aliyefundishwa kubonyeza kidude ili apate kinywaji, ukimchoma dawa ya usingizi, somo linamtoka kichwani. Sanduku lao nilitengeneza mimi, fundi simu wa Chamwino, nisiye na cheti zaidi ya simu nilizoziua nikijifunza. Panya akibonyeza, tone linadondoka.

Kinywaji alichagua dada: mchuzi wa zabibu, ile juisi mbichi wanayokamua shambani. Panya wakaupenda. Wakawa wanabonyeza kama wenye gesti wanavyogombea wageni Bunge likianza.

Siku ya jaribio nikaenda kulinda sanduku langu. Msimamizi wa dada alikuwepo, kakunja mikono. Nusu ya panya wakachomwa dawa, nusu maji ya chumvi tu, wawe wa kulinganishia. Wa dawa wakabonyeza kivivu, wanasinzia. Wa chumvi wakabonyeza kwa fujo, halafu mmoja akaanza kutembea upande. Mwingine akalala chali. Mwisho, waliobaki kazini ni wale wa dawa.

"Sanduku bovu hili," msimamizi akasema.

"Shikamoo Dokta. Bovu lipi?" Nikabonyeza mwenyewe, tone likadondoka. "Hili? Hili ndo bovu?"

"Mdogo wangu, nyamaza," dada akanong'ona.

"Sinyamazi! Anakutukana na wewe!"

Dokta akachovya kidole kwenye lile tone, akalamba. "Mchuzi huu wa lini?"

"Jumatatu," dada akasema. "Nilichukua wa wiki nzima. Ndoo iko hapo dirishani."

Jua la Dodoma la siku zote hizo kwenye ndoo moja, mchuzi ukachacha. Dada yangu, mwanakwaya asiyejua hata harufu ya pombe, alikuwa amepika mvinyo. Panya waliotakiwa wawe na akili timamu ndio walevi. Wa dawa walisinzia mno, wakanywa kidogo, hata kulewa wakashindwa.

Nikamvuta pembeni. "Andika dawa inaongeza akili. Huyu Dokta hawezi kusema kitu, kalamba pombe saa nne asubuhi."

"Acha ujinga." Akaibeba ndoo, akaimwaga nje. "Dokta, naomba nianze upya. Panya wapya, maji ya sukari."

"Hutamaliza na wenzako."

"Najua."

Siku wenzake walipovaa majoho, sisi tulikuwa mle chumba cha panya. Yeye anajaza maji ya sukari, mimi nimeshika panya mgeni asiyejua chochote, ananing'ata, namtukana.