Kahawa Isiyokauka

Mama alizoea kusema kwamba alinizaa juu ya njia ya siafu, ndiyo maana sikai. Hakukosea. Kule Bukavu, katika ofisi ya malori nilikokuwa karani wa kupiga taipu, mkuu wangu alinikuta nimesimama mara nyingi kuliko nimeketi. Mchana nilizunguka meza, na jioni nilipanda mtaa wa Kadutu kwa miguu na kushuka tena bila safari yoyote. Kwa hiyo chama chetu cha kahawa kiliponichagua niwe mmoja wa watu watatu wa kukaa na kutazama kazi za wengine, watu wa kilima chetu walicheka hadi wakashika mbavu.

Chama kilikuwa na ghala moja kwenye njia ya Mumosho. Wakulima walileta kahawa yao ikiwa bado na ganda na unyevu kidogo, ikapimwa, ikalipwa, ikaanikwa miezi miwili kwenye vitanda vya fito, kisha lori likaipeleka kiwandani mjini. Mimi nilikuwa mwanachama kwa miti mia mbili aliyoniachia baba. Aliyeanzisha yote ni agronomu, bwana shamba wa serikali, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, aliyetukalisha sisi watatu kwenye benchi akatueleza kazi ya kamati ya kontrole, yaani ya ukaguzi.

"Kamati hainunue, haiuze, haiamuru mutu," alisema. "Iko inaangalia. Mutu analalamika, iko inasikia. Halafu inasema yote mbele ya mukutano. Hapana kuniambia mimi peke yangu mu sikio."

Kulikuwa na sharti moja zaidi, lililoandikwa kwa taipu chini ya karatasi: asiwemo katika kamati mtu yeyote wa jamaa ya magazinie, yaani mtunza ghala. Nililisoma mara mbili. Magazinie alikuwa baba wa mchumba wangu. Ng'ombe watatu wa mahari walikuwa tayari nyumbani kwake, tena mmoja alikuwa amezalia hukohuko. Wa nne nilipaswa kumpeleka kabla ya harusi, ambayo padri aliiweka kiangazi, mwezi wa nane. Mchumba si mke, nilijiambia, na nikaweka sahihi. Kilima kizima kilijua, na hakuna aliyesema neno. Kwetu mtu kuwa mkwe wa mtu halikuwa kosa la kuandikwa kwenye karatasi.

Huyu mzee nilimpenda, niseme wazi. Alikuwa mtu msafi, mwenye koti moja ambalo halikukosa kifungo, na alinisemesha kama mtu mzima wakati wajomba zangu waliniona bado mtoto wa jana. Kazi ile aliipokea baada ya mwingine kupelekwa gerezani, kwa sababu kilo zilizotoka ghalani zilikuwa pungufu ya kilo zilizoingia. Agronomu hakutaka maelezo. Kwake upungufu ulikuwa na jina moja tu, wizi.

Ukaguzi wetu wa kwanza ulikuwa miezi miwili baada ya mavuno makubwa. Wenzangu walikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu mpole mwenye mwandiko wa kupendeza, na mwashi aliyejenga nyumba za Wazungu mjini, ambaye mikono yake haikuisha saruji hata siku ya Jumapili. Tulimtumia magazinie habari ya siku tutakayofika, maana kufika kwa mtu bila kumwambia ni kumvunjia heshima. Tukakuta ghala limefagiwa, limemwagiwa maji, na vitabu vimepangwa juu ya kitambaa cheupe.

Kabla hatujafungua kitabu, alikuja mama mmoja mzee, mjane, amebeba kikapu kitupu. Alisema kwamba kabla ya kushuka na kahawa yake aliipima kwenye mizani ya misheni, ikawa kilo ishirini na tano. Hapa ghalani ikawa ishirini na mbili.

"Kilo tatu yangu imeenda wapi?" aliuliza. Alimwuliza mwalimu, maana ndiye aliyeshika kalamu.

Magazinie alicheka bila ubaya. "Maman, kahawa inakauka mu njia. Jua haukuliona?"

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilitaka mkwe wangu asikie. Nikamwambia yule mama, "Mwendo wa nusu siku na jua lote lile, unataka isipungue?" Akanitazama, akajitwika kikapu chake, akaenda. Mwalimu aliandika: lalamiko moja, limejibiwa.

Kisha tukafanya hesabu. Kahawa yote ilikuwa imekwisha kuondoka, kwa hiyo kazi ilikuwa kuweka kitabu cha manunuzi upande huu na risiti za kiwanda upande ule. Tulijumlisha mara tatu. Iliyoingia na iliyotoka zililingana kilo kwa kilo, haikukosekana hata moja. Mwalimu alisema hajaona kitabu kizuri namna hiyo hata kwa mapadri. Tukaweka sahihi zetu, na magazinie akaleta kasiksi, pombe ya ndizi, akaionja yeye kwanza kama inavyompasa mwenye pombe, ili mgeni ajue haina sumu. Tukanywa mpaka jua likaegemea. Nilirudi mjini nikiimba.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa mama. Alikuwa akikusanya mihogo aliyoianika juu ya mwamba, na mimi nikizunguka nyuma yake nikimsimulia sifa za mkwe wangu.

"Simama basi, unaniletea kizunguzungu," alisema. Akainua kikapu kwa mkono mmoja. "Angalia. Nilianika bikapu biwili, sasa iko moja. Jua ni mwizi."

Nilisimama kweli. Yule mama mjane alipoteza kilo tatu kwa mwendo wa nusu siku. Na kahawa ile ile, baada ya kulazwa miezi miwili juani kwenye vitanda vya fito, haikupoteza hata kilo moja! Jibu lilikuwa limekaa mbele yetu juu ya kitambaa cheupe, na sisi watatu, wasomi wa kilima, tuliliwekea sahihi na kulinywea pombe.

Tangu hapo sikupata raha. Ofisini nilikosea barua nikarudia, nikakosea tena. Nilitembea kutoka Kadutu hadi ufukweni mwa ziwa na kurudi, kila siku, hadi soli ikafunguka mdomo. Nilijaribu kujidanganya: labda mizani ya misheni ndiyo mbovu. Labda si kazi yangu kuuliza, hesabu imelingana, nani amelia? Lakini mtu alikuwa amelia, na mimi ndiye niliyemcheka.

Baada ya misa nilikutana na mchumba wangu njiani. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini machache hayo yalikuwa yamenolewa. Tulitembea pamoja, yeye na dada yake mdogo nyuma yetu kama ilivyopasa.

"Unakimbia nani?" aliniuliza.

"Simkimbii mutu. Papa yako iko muzima?"

"Iko muzima. Ila wakati kitabu haijalingana, halale, hakule." Alimtazama dada yake nyuma. "Kama uko na neno, muulize yeye. Usiniulize mimi, nitakuambia kweli, halafu nitakosa papa."

Nilimpenda zaidi wakati ule kuliko siku yoyote.

Nilikwenda kwa mwashi. Alinionyesha mfuko wa saruji wa kiwandani, bado umeshonwa, umepigwa chapa ya kilo hamsini. "Hii haikauke mu njia," alisema. Mwalimu tulipomweleza alikunja uso, akasema haraka haraka haina baraka, tungoje mavuno mengine. Lakini alikuja. Safari hii hatukutuma habari.

Ilikuwa siku ya kupokea kahawa ya mwisho, ile ya kuokota chini ya miti. Wakulima kama ishirini walikuwa wamepanga mstari. Magazinie alipotuona na mfuko wa saruji begani kwa mwashi, alielewa yote. Niliona. Hata hivyo akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Karibuni. Tuanze na kinywaji," akaagiza kasiksi, akaionja, akanipa kibuyu mimi wa kwanza.

Kwetu kumkatalia mtu pombe aliyoionja mwenyewe ni kumwita mchawi mbele ya watu. Nilikishika kibuyu kile. Nikakirudisha nikasema, "Kazi kwanza, papa." Mstari mzima uligeuka kutazama.

Mwashi aliweka mfuko kwenye mizani. Magazinie mwenyewe ndiye aliyesogeza jiwe la mizani taratibu, mpaka mkono wa chuma ukatulia. Kilo arobaini na nne. Mwalimu aliligeuza jiwe: chini yake lilikuwa limetobolewa na kujazwa risasi iliyoyeyushwa, kazi safi kama kila alichokifanya.

Hakukana. Alikaa juu ya gunia, akavua kofia, akaniangalia mimi peke yangu.

"Ulitaka nifanye nini?" alisema. "Muzungu anataka kilo yenye iliingia, ile ile njo itoke. Nilimuambia kahawa inakauka. Akasema yule wa kwanza alisema vilevile, iko mu gereza. Sikukula hata kilo moja. Kuja kwangu, tafuta. Nilipunguza kwa mulango kusudi isipungue kwa nyumba."

Nilimwamini. Hadi leo namwamini, maana koti lilikuwa lile lile moja. Na hapo ndipo nilipoumia, kwa sababu mwizi ningemshtaki bila kukosa usingizi. Mwalimu alinivuta kando akasema tubadilishe jiwe, tunyamaze, mambo yaishe, na mimi nioe. Wakulima ishirini walikuwa wameona, ndiyo, lakini wakulima ishirini wangeweza kuzungumzwa nao. Moyo wangu ulikubali kabla sijafungua kinywa. Kisha nikamwona yule mjane katika mstari, na kikapu chake, safari hii kimejaa. Alikuwa anangoja tumjibu tena.

Mkutano ulikaa wiki mbili baadaye, mbele ya ghala, agronomu kwenye kiti na sisi wengine kwenye nyasi. Nilisimama, na kwa mara ya kwanza nilitamani kukaa. Nilianza na langu. Nilisema kwamba ninaposa kwa magazinie, kwamba karatasi ilinikataza na mimi nikaweka sahihi, na kwamba nilimcheka mlalamikaji niliyepaswa kumsikiliza. Kisha nikasema habari ya jiwe. Kisha, kwa Kifaransa ili agronomu asiseme hakuelewa, na tena kwa Kiswahili ili watu wasikie, nikasema kwamba jiwe lilijazwa risasi kwa sababu chama kilimtaka mtu azuie kahawa isikauke, jambo ambalo hata agronomu mwenyewe mwenye shahada asingeliweza. Kwa hiyo pamoja na mizani, na sheria ile ya kutaka kilo zitoke kama zilivyoingia ibadilishwe.

Shingo ya agronomu ilizidi kuwa nyekundu. Wakulima walipiga kelele, wengine wakimtaka magazinie afungwe, wengine wakisema mimi ni mtoto asiye na adabu anayemvua nguo baba mkwe. Mjane alisimama akasema hataki mtu gerezani, anataka kilo zake tatu. Jioni ilipokaribia waliamua: kila mtu aongezewe kwa kipimo cha ule mfuko, kilo sita kwa kila arobaini na nne zilizoandikwa, na tangu mwaka ule upungufu wa kukauka uandikwe kitabuni kama upungufu wa kukauka. Magazinie asifungwe, ila arudishe ufunguo. Aliuweka juu ya meza, akapita karibu yangu, akaenda zake.

Watu walinisifu. Mwashi alisema kamati sasa ina meno. Mimi nilihesabu siku. Sikuthubutu kwenda kwao, na mkwe hakutuma mtu. Nilimtayarisha ng'ombe wa nne, nikamsugua, nikasema labda mwezi wa nane utafika tu na kila kitu kikae mahali pake. Nilikuwa na matumaini ya kipumbavu, ila yalikuwa yangu.

Walifika siku ya Jumamosi asubuhi. Ndugu yake magazinie alikuwa akiwaswaga kwa fimbo, taratibu, ili watu wote wa kilima waone. Ng'ombe watatu, na nyuma yao ndama.

Mama alitoka jikoni akajishika kichwa. Kurudisha mahari ni kurudisha neno, hakuna haja ya kueleza. Lakini ndama yule alizaliwa kwao, akanywa maji yao, akala majani yao. Magazinie angemzuia, wazee wangempa haki, na hakuna ambaye angemwita mwizi.

"Ndugu yangu amesema uhesabu," yule mtu aliniambia. "Amesema weye njo unajua kuhesabu."

Nikaingia katikati yao nikahesabu. Watatu, na ndama wa nne. Mama alidhani nimeingiwa na wazimu, maana nilirudia tangu mwanzo, nikimshika kila mmoja mgongoni kwa mkono. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nilihesabu mara ya pili kwa sababu nilitaka apungue mmoja, nipate sababu ya kwenda kwao kuuliza.