Mshono wa Ndani

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya pazia la kujaribia nguo, anakula mkate. Kipande kinene, siagi imepakwa bila huruma na juu yake kamwagia sukari. Alitafuna harakaharaka, macho kwenye mlango, kama mtu aliyekiiba. Mkate ni wake, kaununua kwa jasho lake. Duka ni lake, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na pazia kalishona kwa mkono wake. Bado alijificha. Kadiri alivyojificha ndivyo hasira ilivyompanda, na kadiri hasira ilivyompanda ndivyo alivyozidi kupaka siagi. Alipomaliza alipangusa makombo, akarudi kwenye cherehani, akajichukia mpaka saa ya kufunga duka.

Mambo haya yalianzia kliniki. Daktari, kijana mpole asiye na makuu, alimwambia presha imepanda: atembee, apunguze chumvi na mafuta, apunguze uzito kidogo, kisha arudi wapime tena. Basi. Hakumwambia kwamba mkate ni dhambi. Hilo lililetwa nyumbani na wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa karani wa ofisi ambaye aliwahi kupungua mwili, na tangu siku hiyo hajafunga mdomo. Mtaani walimwita Bibi Afya, na yeye akadhani wanamsifu. Mume wa Fundi alikuwa dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwambia dada mtu akae kwake. Kila Jumamosi asubuhi Bibi Afya aliingia sebuleni, akaketi kwenye kochi, akaagiza Fundi avae gauni lake la kijani, lilelile kila wiki. Mizani hakuitaka. Mizani hudanganya, alisema, nguo haidanganyi. Alikuwa anamwambia fundi cherehani.

"Haya wifi, ungama," alianza, huku akifinya gauni kiunoni aone limelegea kiasi gani. "Wiki hii umekula nini?"

Na Fundi, mama mzima, ambaye wateja wakorofi walifyata mkia mbele yake, alijibu akiangalia sakafu. "Nimekosa. Juzi nilikula chipsi."

"Ukajisikiaje?"

"Vibaya."

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo. Ukiona vibaya hutarudia."

Pembeni, mezani, kitindamimba wa Fundi alikuwa akifanya kazi zake za shule. Binti wa miaka kumi na minne, mkimya, mwenye mikono myepesi. Mama yake alikuwa amemfundisha kushona tangu miguu ilipofika kwenye pedali. Hakuna aliyemjali pale mezani, isipokuwa siku moja Bibi Afya alipomnyooshea kidole na kusema, "Mwone mwenzio alivyo, hana hata kitambi." Binti aliinamisha kichwa, akaendelea kuandika.

Sasa mwili wa Fundi haukupungua. Siku akijinyima, kesho yake alirudi nyuma ya pazia na kula mara mbili, kisha aibu ikamkaba, kisha akala kwa sababu ya aibu. Ijumaa moja alilijaribu gauni la kijani na zipu ikagoma katikati ya mgongo. Akaliona lile jicho la wifi litakavyokuwa kesho. Basi alichukua wembe, akafumua mshono wa ndani, akauachia upana wa kidole, akashona upya na kupiga pasi. Fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa ndani, na yeye alikuwa fundi mzuri.

Jumamosi Bibi Afya alifinya gauni, akakuta limelegea, akapiga makofi. "Umeona wewe? Umekonda!"

"Hongera, mama," binti alisema kutoka mezani.

Ulaji ukaongezeka, na wembe ukapata kazi. Akiba ya kitambaa ilipokwisha, Fundi alitia vipande chini ya kwapa, kwa ustadi ambao ungempatia sifa kama ungekuwa wa jambo la maana. Kinachokera ni kwamba mwanamke huyuhuyu alikuwa mkali kama pilipili kwa wateja waliomwambia, "Nishonee dogo, nitapungua tu." Hao aliwapa vidonge vyao. "Mimi nashona mwili ulioingia mlangoni," aliwaambia. "Ahadi sishoni."

Jumamosi moja, miezi kadhaa baadaye, kabla wifi hajafika, Fundi alichukua wembe, akaketi kwenye cherehani kutengeneza zipu ya sketi ya shule ya binti yake. Aliigeuza ndani nje. Mkono ukasimama.

Kiunoni kulikuwa na mshono asioujua. Pembeni yake, ndani zaidi, mshono mwingine. Na ndani zaidi, wa tatu. Sketi ilikuwa imebanwa, ikabanwa tena, ikabanwa tena, kwa uzi wa bluu uliokoza kidogo tu kuliko kitambaa. Kwanza alipandwa na hasira ya kifundi: nani kaigusa kazi yangu? Kisha akatazama mwisho wa kila mshono. Ulirudishwa nyuma ukakazwa ili usifumuke, vilevile alivyomfundisha mtu mmoja tu.

Alimwita. Binti alitoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akaiona sketi imegeuzwa, akasimama palepale.

"Nani kaibana?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inaanguka."

"Chakula cha mchana shuleni huli?"

"Nampa mwenzangu."

"Na hapa nyumbani?"

"Nakula kidogo. Nikizidisha najisikia vibaya."

"Tumbo linauma?"

"Hapana," binti alisema. "Vibaya kama wewe, mama."

Fundi alitaka kumzaba mtu kibao. Aliangaza macho chumbani kumtafuta wa kuzabwa, na wa kwanza aliyemwona alikuwa kwenye kioo cha wateja, kanga kiunoni, wembe mkononi. Hasira ilimchoma mpaka masikio. Miezi yote hiyo alikuwa akiachia nguo zake ili aonekane mwembamba, na mtoto wake, kwenye cherehani ileile, alikuwa akibana zake ili wembamba usionekane.

"Hodi wenyewe," Bibi Afya aliita, akaingia kabla ya kukaribishwa. "Gauni liko wapi?"

Fundi alilileta. Alilirusha mezani, ndani nje, pembeni ya ile sketi.

"Angalia mishono."

"Niangalie nini tena, wifi?"

"Hapa nimeachia. Hapa nimeachia tena. Hiki ni kiraka. Sijakonda, nimenenepa. Kila uliponipigia makofi nilikwenda nyuma ya pazia lile kula mkate."

Bibi Afya aliguna. "Kumbe ulikuwa unanidanganya."

"Nilikudanganya, na nikajidanganya. Haya, sasa angalia sketi. Hiyo kabana mtoto. Amejifunza kwetu, wewe na mimi."

Bibi Afya alimtazama binti, shingo yake, mifupa ya mabega chini ya fulana. Pengine ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtazama. "Lakini mimi nilikuwa nakusaidia," alisema, sauti imeshuka. "Na mtoto si anapendeza tu..."

"Usimalize."

Fundi akamwonyesha mlango.

"Nenda kwako, wifi. Ukirudi, urudi kama shangazi yake. Habari za kuungamisha watu chakula sizitaki tena humu ndani."

Bibi Afya aliokota mkoba wake na kutoka bila kuaga. Fundi alivuta pazia la kujaribia nguo mpaka mwisho, likabaki wazi. Kisha alivua futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, akampa binti yake.

"Nipime."

Binti aliizungusha kiunoni mwa mama yake, akaikaza.

"Usiikaze. Nipime nilivyo. Haya, taja."

Binti alitaja namba kwa sauti ndogo. Ilikuwa kubwa kuliko Fundi alivyotarajia, na ilimuuma, lakini hakubisha. Kisha akaichukua futi na kumpima mtoto. Mikono ilikuwa imezoea mwili huu tangu enzi za nepi, na sasa haikuutambua. Alitaja namba hiyo pia, meno yameumana.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari, wote wawili," alisema. "Presha yangu na kiuno chako. Leo nakushonea sketi ya mwili huu huu."

Alikata mkate kwenye meza ya kukatia vitambaa, mahali ambapo hakuna mteja aliyeruhusiwa kuweka hata maji. Alipaka siagi kidogo, vipande viwili, akaketi. Mlango ulikuwa wazi na watu walipita. Alikula taratibu, bado amekasirika, na kipande kimoja kikamtosha. Binti alikula chake kwa muda mrefu, akitafuna kila tonge kama anaogopa kulimeza. Alipofika nusu alikiweka chini, akamtazama mama yake.

"Nimefanya vibaya?"

"Umekula mkate," Fundi alisema.