Antena Niliyoikata

Nilinunua lile gari nikiwa na miaka thelathini na minane, umri ambao mtu anatakiwa awe ameacha kutafuta macho ya watu. Lilikuwa la michezo, la manjano, viti viwili tu, limetoka Japani likiwa limeshatumika. Nilikuwa nauza mashine za kilimo hapa Nakuru, na wateja wangu walikuwa watu wa pikapu na trekta. Hakuna hata mmoja aliyehitaji kuniona nikishuka kwenye gari la kukimbia. Nililitaka tu.

Lilikuja na antena ndefu ya chuma, nyuma upande wa kushoto. Wiki ya tatu, nilipokuwa nikilioshesha, mtu mwenye gari kama langu alilitazama akasema, "Safi, lakini hiyo fimbo inaifanya ikae kama teksi ya zamani." Jumamosi iliyofuata niliing'oa. Nilikata waya wake kwa koleo, nikafunga ncha kwa tepu, kisha nikaziba tundu kwa pezi la plastiki la kubandika kwa gundi, mfano wa antena za magari ya kisasa. Ndani ya pezi hamkuwa na kitu. Redio ikafa, nami sikujali, kwa sababu muziki wangu ulikuwa kwenye simu.

Mwaka uliofuata baba alipata kidonda mguuni. Alikuwa akiishi peke yake Dundori tangu mama afariki, ana ng'ombe wawili na shamba la viazi. Daktari alisema kidonda kifungwe kila siku kwa wiki mbili, basi nikamleta kwangu Lanet. Kila siku saa sita nilitoka kazini, nikampeleka kliniki mjini, na tulipomaliza nikamrudisha nyumbani. Kumwingiza ndani ya gari lile ilikuwa kazi. Kiti kilikuwa chini sana, kwa hiyo alitangulia kukaa, kisha nikauinua ule mguu uliofungwa bendeji na kuusukuma ndani taratibu, naye akiwa amefumba macho. Hakulalamika.

Siku ya kwanza, tulipotoka kliniki, alitazama saa yake.

"Weka redio kidogo," alisema. "Taarifa ya saa saba ikiisha wanasoma matangazo ya vifo."

Nilijua mazoea hayo. Baba alifanya kazi kiwandani miaka mingi, na wenzake walipostaafu walitawanyika, huyu akaenda Bahati, yule Molo, mwingine magharibi kabisa. Namba za simu zilibadilika au zilipotea. Redio ndiyo iliyomwambia nani bado yuko na nani ameenda. Redio yake ilikuwa imefungiwa kwenye nyumba kule Dundori, na kwangu kulikuwa na televisheni tu.

Niliwasha. Ikatoa mvumo, kama mafuta yanayokaangwa.

"Ni mlima, baba," nilimwambia. "Menengai inazuia mawimbi."

Sijui kwa nini nilidanganya. Ningeweza kusema niliikata antena, na angeniona mjinga kwa dakika moja tu. Lakini nilikuwa nimevaa shati la kazi na miwani ya jua, mikono iko kwenye usukani mdogo wa ngozi, na sikutaka ujinga wangu uingie humo ndani.

Aliniamini. Kesho yake aliomba tena, na keshokutwa. Spika ilikuwa chini mlangoni, kwa hiyo alikuwa akijikunja upande, mguu mbovu umenyooka, sikio lake karibu na plastiki, akisikiliza ule mvumo. Mara nyingine aliinua kidole ninyamaze. "Nimesikia kama wanasema Subukia," aliwahi kuniambia. Hawakuwa wamesema kitu. Simu yangu ingeweza kumpa idhaa hiyohiyo, safi kabisa. Ningeweza pia kwenda Dundori nikamletea redio yake, mwendo usiofika saa moja. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimwambia muuguzi, baba akiwa hapo, kwamba wazee wanapenda redio kuliko dawa, na sote tukacheka, hata yeye.

Siku ya kumi na moja nilichoka na mvumo, nikalipeleka gari kwa fundi wa redio karibu na mtaa wa Shabab, baba akiwa ndani. Fundi alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye kibanda kilichojaa redio za magari. Baba alibaki kwenye kiti, mlango wazi. Fundi alichomoa redio, akaipima kwa antena yake ya mkononi, na papo hapo sauti ya mtangazaji ikajaa kibandani.

"Redio haina makosa," alisema. "Hizi za Japani hazifiki stesheni zetu, lakini mtu alishakuwekea kale kadude ka kushusha masafa, na kanafanya kazi. Sasa antena iko wapi, boss?"

"Iliibwa," nilisema. "Nilipokuwa nimeegesha mjini."

"Wezi hawana haya," baba alisema kutoka ndani ya gari.

Fundi alizunguka nyuma, akaingiza bisibisi chini ya pezi na kulibandua. Alivuta ncha ya waya ikatoka kwenye tundu, akaigeuza mwangani. Baba alikuwa amegeuka kitini, akitazama.

"Huyu mwizi alikuwa na subira," fundi alisema. "Amekata vizuri, halafu amefunga na tepu."

Hakuwa akinikejeli. Nadhani alikuwa anashangaa kweli. Nilitazama simu yangu kama aliyepata ujumbe. Baba aliutazama ule waya, akanitazama mimi, kisha akageuka mbele.

Fundi aliunga waya mpya. Alikwangua rangi kuzunguka tundu mpaka chuma kikang'aa, akieleza kwamba antena isiyogusa chuma kitupu ni fimbo tu. Kisha akafunga antena nyingine, ndefu kama mkono. Tulipotoka hapo redio ilikuwa wazi kana kwamba mtangazaji ameketi katikati yetu. Baba alisema asante.

Kesho yake saa saba matangazo yakasomwa. La tatu halikuwa la kifo, lilikuwa la shukrani. Familia moja ya Keringet iliwashukuru wote waliofika kumzika mzee wao Ijumaa iliyopita. Likatajwa jina, na kiwanda alichofanyia kazi. Huyo mtu alikaa chumba kimoja na baba miaka sita, kabla hawajaoa wote wawili. Hata mimi nilimjua, alikuwa akiniletea miwa.

"Zima," baba alisema.

Jumapili nilimpeleka Keringet. Baada ya lami kuisha, njia ya kwenda bomani ilikuwa na makorongo, na gari likaanza kukwaruza tumbo. Tuliliacha kwenye maduka, tukatembea, yeye kwa mkongojo, akisimama kila baada ya hatua chache. Kwa pikapu yoyote ya mteja wangu angefika mpaka mlangoni.

Mjane alitupokea vizuri, akaleta chai, na kigoda cha kuwekea ule mguu.

"Tulitangaza siku tatu, shemeji," alimwambia baba. "Watoto walisema watu siku hizi hawasikilizi. Mimi nikawaambia, yule wa Dundori atasikia. Huyo hakosi redio."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Baba hakunitazama.

"Nilikuwa nimelazwa, shemeji," alisema. "Mguu ulinifunga hospitali."

Baba alinichapa mara moja tu utotoni, na ilikuwa kwa sababu ya uongo. Sasa alikuwa anasema uongo mbele ya mjane wa rafiki yake, kwa ajili yangu. Mama yule akampa pole nyingi, kisha akanigeukia. "Na wewe umefanya vizuri kumleta mzee. Mungu akubariki." Niliitikia amina.

Tulipopita Elburgon tukirudi ndipo aliponiuliza.

"Uliikata mwenyewe?"

"Ndio, baba."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inafanya gari lionekane la zamani."

Alifikiri kidogo. Niliona anajaribu kweli kuelewa. "Haya," alisema mwishowe, akafumba macho.

Kidonda kilipona. Alirudi Dundori kwa pikapu ya jirani aliyekuwa amekuja mjini kununua mbolea. Gari nililiuza baadaye, lakini si kwa sababu ya toba. Lilikuwa linanisumbua gia.

Baba hajawahi kumwambia mtu habari ya antena. Dada yangu hupenda kusimulia, tukikutana nyumbani sikukuu, jinsi nilivyoacha kazi kila siku saa sita kwa wiki mbili ili kumhudumia baba. Watu huniangalia kwa heshima. Baba huitikia kwamba ni kweli, kijana alijitahidi, kisha anaendelea kula.