Mayai ya ngando mu sufuria ya mama mukubwa

Bandugu, leo nimesikia mayai yanalia jikoni kwetu!

Munajua niko nafanya utafiti juu ya ngando mudogo, ule mamba mufupi wa pori ya Walikale. Tangu mvua ianze natembea mu matope, natafuta kiota kimoja tu. Sijapata hata kimoja.

Leo mchana narudi, mama mukubwa Kavira ananiita na furaha yote:
"Mutoto wangu, unachoka sana. Nimekununulia mayai ya ngando kwa muwindaji. Ukule, upate nguvu!"

Nikamwambia aksanti, hata kama njo mayai yenye natafuta kila siku. Amefanya kwa upendo.

Sufuria iko tayari juu ya moto wa makala, mayai ndani, maji hayajapata moto.

Ghafla: kwe! kwe! kwe!

Mama akaangusha mwiko. "Yesu! Nani analia?"
"Mama, ni batoto ba ngando mu mayai. Banaita mama yao aje kubafukulia."

Nikafikiri atakimbia. Wapi! Akaingiza mikono, akayatoa yote, akayalaza mu kitenge chake.

Jirani akatokea na sahani (habari ya mboga ya mayai inakimbia mbio!). Mama akamufungia mulango:
"Hapa hakuna mboga, Papa. Hapa tuko tunazalisha!"

Na yai moja likapasuka mbele yetu. Kwanza pua, kisha jicho. Nilipiga kelele kama nimeona goli!

Tukaenda kuita muwindaji, akatupeleka mpaka kijitoni kwenye alitoa mayai, tukaacha batoto na mayai karibu na kiota chao. Ngando mama akatoka mu majani. Tulikimbia, bandugu, kitenge kikabaki kule!

Mu njia, mama mukubwa anahema, anacheka:
"Kumbe njo hii unasomaka? Kesho tunaenda wote."

Nani mwingine anakuja?