Mkono wa Jirani, Mdomo Wangu

Haya, nimesumbuliwa vya kutosha. Mke wa mwanangu anataka niandike habari yake, eti wenzake chuoni waisome. Mimi na kalamu hatujawahi kupatana, lakini nisipoandika mimi atasimulia jirani, na huyo ataipindua.

Mkwe wangu alikuwa muuguzi kabla hajaolewa hapa. Wakaja mapacha, halafu nyonga yangu ikavunjika, akabaki nyumbani kutuuguza sote, na miaka ikaenda. Alipotaka kurudi kazini wakamwambia ujuzi wake umelala, arudi chuoni, na mwisho apime mtu presha mbele ya mwalimu. Akishindwa, uuguzi auage kabisa. Kila mwanafunzi aende na mtu wa kwao wa kupimwa.

Mtu wa kwao ni nani kama si mimi? Nikafua gauni la kutokea.

Jioni alijifunzia kwangu. Anafunga kile kitambaa cha presha mkononi mwangu, anakijaza upepo, anatia mipira masikioni asikilize. Sharti lake anayepimwa asiseme, eti maneno hupandisha presha. Sasa mimi jambo likinijia nalisema, nikilimeza linanikwama. Kila mara anavua mipira, tunaanza upya.

Siku moja nikachungulia dirishani, nikamwona uani kwa jirani, anampima. Jirani huyo tunamwita Bibi Taratibu, mtu wa neno moja asubuhi, la pili mpaka alikumbuke. Kakunja mkono wa gauni, kakaa juu ya kigoda changu. Kigoda changu! Roho ikachacha kama maziwa ya juzi. Nimemzalia mume, nimempisha chumba kikubwa, leo mkono wa kusomea ni wa mtu baki? Nikatoka kuuliza chumvi iko wapi. Nikarudi kuuliza kibiriti.

Alipoingia ndani nikamuuliza kama mkono wangu una upele.

"Hauna, Mama. Mkono wako sina ugomvi nao. Mdomo ndio unaonishinda."

Nikasusa chakula. Wakakiondoa.

Siku ya mtihani akamchukua Taratibu. Nami nikafuata na fimbo yangu, sikualikwa, nikaketi nyuma kabisa. Jirani kapaka mafuta mpaka viwiko vinang'aa, utadhani anaposwa. Mkwe akafunga kitambaa, akatia mipira masikioni. Hapo mwalimu akainama, akamuuliza jirani kwa upole, "Mama, magoti yanakusumbua?"

Mtego ule! Na Taratibu, ambaye hajaulizwa habari za magoti tangu mumewe afariki, akafunguka kama bomba. Goti la kulia, la kushoto, kuku wake, paa linalovuja. Mkono wangu ukakamata fimbo. Nikajua mkwe ameangamia.

Mkwe akaachia upepo wote. Akavua mipira. "Mama, tunyamaze kwanza," akamwambia, kisha akamgeukia mwalimu, "na wewe pia, mwalimu, tafadhali." Akangoja mpaka chumba kikatulia, ndipo akapima.

Mwalimu akasema wengi hapo hupima huku mtu anaongea na kukosea, na kwamba huyu amefaulu.

Sasa Taratibu anatembea mtaa mzima akiutikisa mkono wake, eti ndio uliomfaulisha muuguzi. Mkono! Uvumilivu ule wa kuvua mipira na kuanza tena aliufundishwa na nani, kama si mdomo wangu?

Basi wewe uliyesoma, nenda nyumba ya pili, umsomee haya kwa sauti, pole pole asikie kila neno. Na ukirudi, uje na kigoda changu.