Mwimbaji wa Bwana Mikwaruzo

Mimi sina dogo, na majirani wanalijua hilo. Kwa hiyo mtaa ulipoanza kumwita mdogo wangu Bwana Mikwaruzo, niliwatolea uvivu mmoja mmoja, kisha nikarudi dukani na mimi nikaanza kumwita hivyohivyo. Jina lilimkaa. Mtu gani anayeamka asubuhi, hajanawa hata uso, anaanza kuosha santuri za watu waliokwisha kufa?

Duka la ushonaji ni langu, liko mbele. Chumba cha nyuma ni chake. Kati yetu kuna pazia tu, basi siri hakuna. Kazi yake ni kusaka santuri za zamani, zile nzito zinazovunjika kama sahani, zenye ngoma na zeze na nyimbo ambazo siku hizi hakuna anayeziimba. Anazipata kwenye mabohari na chini ya vitanda vya watu. Nyingine alizikuta zimefunika mitungi ya maji. Anaziosha kwa maji ya uvuguvugu na brashi laini, anazianika, anazicheza kwa sindano ya gramafoni, anaingiza sauti kwenye kompyuta, halafu anashinda hapo kutwa akipunguza mikwaruzo. Zikiwa safi, kuna kampuni ndogo inazitoa upya, na jalada linabeba jina la aliyeimba. Bila jina, na bila ridhaa ya mwenyewe au jamaa zake, hatoi kitu. Hapo kichwa chake ni kigumu kweli.

"Dada, sote tunaishi kwa sindano," hupenda kuniambia.

"Yangu inavisha watu," namjibu. "Yako inakuvisha nini?"

Anacheka, anarudi nyuma ya pazia. Mke hana, mtoto hana. Aliwahi kuchumbia, ikavunjika, akachumbia tena, ikavunjika tena, akanyamaza. Nilimletea mabinti wa watu mpaka nikachoka, nikamwachia Mungu.

Halafu ikaja ile santuri. Ilikuwa chini kabisa ya kasha alilolipata mnadani, lebo imebanduka yote. Ukiicheza unasikia zeze, makofi, na sauti ya msichana, nyembamba, safi, anamsifu mwanamke mwenye mwanya anayecheka kabla hajaambiwa kitu. Mimi niliona lile zeze linakwenda mbio kama mtu anayewahi choo, nikamwambia. Alininunia siku nzima.

Tangu hapo ikawa kila asubuhi, kabla ya chai, lazima aucheze wimbo huo. Kisha nikaanza kumsikia akiongea. Mwanzoni nilidhani ana mgeni. "Leo mvua, mwenzangu, hatutoki," anasema. Au, "Ngoja niteleke maji, nakuja." Nilisimama upande wangu wa pazia na mkasi mkononi, nikaumia. Mimi ndugu yake wa damu hajawahi kunisemesha kwa upole ule.

Mkusanyiko wake mpya ulikuwa tayari, kasoro wimbo huo mmoja. Akapeleka kipande redioni, mtangazaji akauliza hewani nani anamjua mwimbaji huyu, akataja na duka letu lilipo. Kimya. Akapeleka tena. Kimya. Kila siku ya kipindi alinyoa ndevu, akavaa shati nililomshonea, akakaa karibu na mlango.

"Atakuwa bibi kizee sasa, na wajukuu tele," nikamwambia.

"Najua. Sitaki kitu, dada. Nataka nikae naye tu, nimsikie anavyoongea na watu."

Niliendelea na kazi yangu.

Siku moja mchana akaingia mama mmoja mtu mzima, mwavuli kwapani, amevimba kwa hasira. Nikajua nimemharibia nguo.

"Yuko wapi huyo wa redioni?"

"Shikamoo, mama, karibu u—"

"Marahaba. Yuko wapi?"

Mdogo wangu alitoka nyuma ya pazia nusura aling'oe. Macho yalimtoka pima. Akamshika yule mama mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ni wewe? Ni wewe unayeimba?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyeimbiwa!" Akafungua mdomo, akatuonyesha. "Mwanya wenyewe huu hapa, umebaki peke yake, meno yamehama. Wimbo ule alinitungia marehemu mume wangu. Aliniapia hataufundisha mtu. Leo nawasha redio, namsikia mwanamke anauimba. Ni nani huyo? Nimekuja mniambie."

Tukamkalisha, nikampa maji. Akasimulia. Siku ya kurekodi alikuwepo, mumewe ndiye aliyeimba, yeye akapiga makofi. Mwenye mashine alikuwa na kisirani, anaipigapiga kwa kiganja, analalamika kwamba betri zake zinakata roho. "Kwa hiyo baadaye mume wangu alirudi kwa mwenye mashine kisirisiri akamtia mwanamke mwingine aimbe," akasema. Hasira zikamwisha, machozi yakaanza kumtoka. "Nimemuuguza, nimemzika, nimemlilia. Kumbe nilikuwa mjinga."

Nilimtazama mdogo wangu. Tangu lilipotajwa neno la betri, uso ulikuwa umemparara.

"Huenda ni wimbo mwingine, mama," akasema, anaangalia sakafu. "Nyimbo hufanana."

Yule mama hakubishana. Akajifuta macho, akachukua mwavuli wake. Pale mlangoni alishika ukuta kwanza kabla ya kushuka ngazi, na mgongo wake ulikuwa wa mtu aliyezeeka palepale kitini kwangu.

"Usiende, mama," mdogo wangu akasema. "Njoo huku nyuma."

Akaweka santuri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha gramafoni cha kurekebisha mwendo, lakini hakukizungusha. Aliuacha wimbo uende wote, msichana wake aimbe mpaka mwisho, naye amesimama tu anamsikiliza. Halafu akarudisha sindano mwanzo, akakizungusha kitufe polepole.

Zeze likatulia. Makofi yakapata nafasi ya kupumua. Na ile sauti ikashuka, ikazidi kushuka, mpaka akatokea mwanamume, kifua kizima, hana haraka na mtu.

"Huyo!" mama akapiga ukelele. "Huyo sasa! Mwone huyo!" Akaanza kupiga makofi, anafuatisha yale ya kwenye santuri, yake mwenyewe ya usichana, anacheka na kulia kwa pamoja.

Mdogo wangu akamweleza taratibu. Betri zilipochoka, mashine ilirekodi kwa kujikokota. Sasa ukiicheza santuri kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia, na sauti ya mwanamume inapanda inakuwa ya msichana. "Hakuna mwanamke mwingine, mama," akasema. "Hakuwahi kuwepo."

Mama alitoa ridhaa palepale, akalitaja jina la mumewe ili liandikwe kwenye jalada. Alipoaga akamwekea mdogo wangu mkono begani. "Na wewe, mwanangu, unaye mwenzio?"

"Nilikuwa naye, mama."

"Maskini. Alifariki lini?"

"Leo," akasema.

Mama alimwangalia, akamfinya bega. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye stuli ya wateja, mikono mapajani. Mdomo wangu hauna breki, nikamwambia, "Si ukirudishe kitufe ukae naye? Nani atakukamata?"

"Nimekirudisha ulipokuwa nje. Simsikii tena, dada. Namsikia mume wa yule mama anakimbizwa."

Nikakaa kwenye cherehani nikamalizia upindo wa gauni la mteja. Nilipokata uzi na kuondoa mguu, mlio wa cherehani ukakoma, naye akainua kichwa kama aliyeshtuliwa.

"Usiache," akasema. "Endelea kidogo."

Gauni lilikuwa limekwisha, na nguo nyingine ya kushona sikuwa nayo. Nikarudisha mguu, nikakanyaga.