Dakika Tatu za Nyamizi

Sisi tuliosoma shule ya Mabatini miaka ile mitumba na magazeti mapya yalipoanza kumwagika mjini, tulisoma habari za vyama vingi kwenye karatasi za kufungia mihogo ya kukaanga, zimelowa mafuta. Tulicheza rede na kombolela mpaka kaptula zikachanika makalioni, na hatukuwa na simu ya kufikiri kwa niaba yetu. Mama akituona tumepauka vumbi alisema, "Nyie mlizaliwa au mlichimbwa?"

Mwalimu Kokushubira, mama wa Kihaya aliyetufundisha Uraia, alizisoma karatasi zetu za mihogo akapata mada. Ijumaa akaitisha mdahalo uwanjani: viranja wachaguliwe na wanafunzi, wasiteuliwe na walimu. Kila msemaji dakika tano. Mimi, kiranja wa kengele, nikakabidhiwa saa yake ya mkononi na chuma cha kugongea rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu. Nilijiona waziri.

Nyamizi wa darasa la sita, ambaye mama yake aliuza dagaa soko la Mwaloni, akapanda juu ya benchi. Wavulana wakamzomea, "Dagaa! Dagaa!"

"Ndio hao mnaokula kila siku," akajibu. "Leo wasikilizeni."

Uwanja ukaangua kicheko, kisha ukatulia. Akaanza kueleza kwamba kiranja wa kuteuliwa humwogopa aliyemteua, hata akiona wenzake wanaonewa. Mwalimu mkuu, aliyekaa nyuma yangu, akanigusa bega.

"Gonga."

"Mwalimu, bado dakika tatu."

"Ukiranja alikupa nani?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi gonga."

Nikagonga. Tena kwa nguvu zote, mpumbavu mimi, kama naita shule nzima ikimbie moto. Nyamizi akashuka na maneno yake mdomoni. Midahalo ikafutwa, na Mwalimu Kokushubira akapelekwa kufundisha hesabu darasa la kwanza.

Jioni ya Ijumaa ile nilimkimbilia Nyamizi kwenye njia ya Kirumba. "Nilitumwa," nikamwambia.

"Najua," akasema bila kusimama. "Ndicho nilichokuwa nataka kumalizia."

Leo nina digrii, nimesoma vitabu vinene kuhusu jamii huru, na sijakutana na ukurasa ulionichapa kama jibu lile.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mdahalo shuleni kwa binti yangu, huko Buhongwa. Watoto wamevaa tai, kuna kipaza sauti, simu zinarekodi. Na pande zote mbili zikasoma karatasi zilizoandikwa na mwalimu mmoja! Sisi walau tulihitaji chuma kutunyamazisha. Hawa wameletwa wakiwa wamenyamazishwa tayari, na wazazi tunapiga makofi. Hasira zikanipanda. Nikanyoosha mkono, nikamuuliza msemaji mmoja, "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unaonaje?"

Akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akamkonyeza mtoto aliyeshika kengele.

Nikasimama na kitambi changu chote, nikamgeukia yule wa kengele.

"Usigonge, mwanangu," nikasema. "Bado ana dakika tatu."